Windows 11 inarudisha mipangilio ya umeme kila ukiiweka? Mwongozo kamili wa kumsaka anayeibadilisha

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na watu wengi walioridhika nayo wakalazimika kupanda kwenda Windows 11. Kwa kawaida safari yenyewe hupita salama: mafaili yapo, programu zipo, picha ya skrini ni ileile. Kinachoanza kusumbua ni umeme. Umepanga skrini ikae dakika 30 kabla ya kuzimika, kesho yake inazimika baada ya tatu. Umeamuru kompyuta isilale ukifunga kifuniko, nayo inalala. Umechagua utendaji wa juu kabisa, ukiwasha tena unakuta imerudi kwenye wastani. Unapanga upya, na yenyewe inarudi upya.

Ushauri unaozagaa ni kufuta kila kitu na kuweka Windows mpya. Mimi naupinga kwa nguvu zote, kwa sababu unamgharimu mtu siku nzima ya kazi na vifurushi vya intaneti, na mara nyingi tatizo linarudi jioni ileile. Mipangilio haijibadilishi yenyewe. Kila inaporudi, kuna programu, sera (amri ya usimamizi iliyowekwa na ofisi) au draiva (programu ndogo inayoiunganisha Windows na kifaa) iliyoandika thamani mpya juu ya ile yako. Habari njema ni kwamba Windows huwa inaandika jina la aliyebadilisha mpango katika daftari lake la matukio. Kazi kubwa hapa ni kulisoma jina hilo. Ukishalijua, marekebisho ni ya dakika chache.

Kwa nini mambo haya huanza baada ya kupandisha toleo na si kabla? Kwa sababu upandishaji ni usakinishaji kamili wa Windows mpya. Ile ya zamani husogezwa kwenye folda iitwayo Windows.old, kisha mipangilio yako huhamishwa mmojammoja. Katika uhamisho huo draiva za mtengenezaji wa mashine huweza kubadilishwa na za jumla za Microsoft, programu zake huanza kama zimewekwa leo, na kazi za ratiba, zile ambazo Windows huziendesha yenyewe kwa wakati uliopangwa, husajiliwa upya. Kila mmoja anafika na thamani zake za kiwandani mkononi.

Jua kwanza ni tabaka gani linalorudi

Watu husema "power settings" kana kwamba ni kitu kimoja. Ni tabaka kadhaa, na dawa ya moja haitibu jingine.

La chini ni mpango wa umeme, ule unaouona kwenye "Control Panel" chini ya "Power Options". Huu ni mfuko wenye makumi ya thamani: muda wa skrini, muda wa kulala, kazi ya kifuniko, kasi ya prosesa na kadhalika. Mipango ya asili ni mitatu: "Balanced", "Power saver" na "High performance".

Juu yake kuna "Power mode", unayoipata kwenye "Settings", kisha "System", kisha "Power & battery". Hii haibadilishi mpango; inaelekeza tu mashine ivute zaidi upande wa kasi au upande wa kubana matumizi. Inafanya kazi ukiwa kwenye mpango wa "Balanced". Ukichagua "High performance" kule Control Panel, huku juu Windows itakuambia kwamba huwezi kuweka "Power mode". Hapo wengi hudhani kuna kitu kimeharibika, kumbe ni tabaka mbili zinazopishana.

Tabaka la tatu liko mikononi mwa mtengenezaji: kitufe cha feni, hali za "Quiet" au "Performance", na ukomo wa kuchaji betri. Hili mara nyingi huishi ndani ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows) na programu yake maalumu, na Windows haina usemi mkubwa juu yake.

Kwa hiyo kabla ya hatua yoyote, andika sentensi moja kwenye karatasi: ni nini hasa kinachorudi, na kinarudi lini? Baada ya kuwasha upya? Baada ya kulala? Ukichomoa chaja? Saa fulani ya siku? Jibu la "lini" litakuokolea nusu ya kazi.

Chaja na betri zina thamani tofauti

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu malalamiko mengi ya "imerudi yenyewe" yanaishia hapahapa.

Kila mpangilio wa umeme una thamani mbili: moja ya wakati chaja inapitisha umeme, ambayo Windows huiita AC, na nyingine ya wakati mashine inakula betri, yaani DC. Ukiwa umechomeka chaja ukaweka dakika 30, huenda umegusa upande mmoja tu. Umeme ukikatika, mashine inahamia papo hapo upande wa betri, ambako bado kuna dakika tatu. Umeme ukirudi, inarejea kwenye 30. Kwa mtu anayefanya kazi mahali ambapo umeme unakatika mara mbili tatu kwa siku, hali hii inaonekana kabisa kama mipangilio inayojibadilisha.

Chaja nayo inaweza kuleta sura hiyohiyo. Chaja isiyo ya mashine hiyo, waya uliolegea kwenye tundu, au umeme wa jenereta unaopanda na kushuka, humfanya Windows aone chaja ikichomwa na kuchomolewa mfululizo bila wewe kugusa kitu. Tazama alama ya betri pembeni mwa saa kwa dakika kadhaa. Ikibadilika badilika, anza na chaja na tundu la ukutani kabla hujagusa programu yoyote.

Sasa tusome thamani halisi. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bofya kulia kwenye "Command Prompt" na uchague "Run as administrator". Andika:

powercfg /query scheme_current sub_video videoidle

Mwishoni utaona mistari miwili, wa AC na wa DC, yenye namba kama 0x00000384. Hizo ni sekunde zilizoandikwa kwa namba za msingi wa 16. Zinazokutwa mara nyingi ni hizi: 0x000000b4 ni sekunde 180, yaani dakika 3, 0x0000012c ni dakika 5, 0x00000384 ni dakika 15, 0x00000708 ni dakika 30, na 0x00000000 maana yake ni kutozimika kabisa. Kwa muda wa kulala, amri ni:

powercfg /query scheme_current sub_sleep standbyidle

Kama AC ni ile uliyoiweka na DC siyo, hakuna aliyekurudisha nyuma. Jaza upande wa pili, na shida yako inaishia hapa.

Piga picha ya hali ilivyo

Ikiwa thamani zako zinabadilika kweli, weka ushahidi. Panga mipangilio yako jinsi unavyoitaka, kisha kwenye dirisha lilelile la amri andika mistari hii, mmoja baada ya mwingine:

mkdir C:\Umeme
powercfg /list
powercfg /getactivescheme
powercfg /query > C:\Umeme\kabla.txt

Amri ya /list inaonyesha mipango yote iliyomo na namba ndefu ya utambulisho ya kila mmoja. Wenye alama ya nyota ndio unaotumika. Namba za mipango ya asili ni zilezile kwenye kila kompyuta ya Windows: "Balanced" ni 381b4222-f694-41f0-9685-ff5bb260df2e, "High performance" ni 8c5e7fda-e8bf-4a96-9a85-a6e23a8c635c, na "Power saver" ni a1841308-3541-4fab-bc81-f71556f20b4a. Utazihitaji muda si mrefu. Ukiona mpango wenye jina la mtengenezaji wa mashine yako, huo umeletwa na programu yake, na tayari una mtu wa kumtilia shaka.

Hifadhi pia nakala kamili ya mpango wako, ukiweka namba ya ule unaotumika:

powercfg /export C:\Umeme\mpango.pow 381b4222-f694-41f0-9685-ff5bb260df2e

Endelea na shughuli zako. Siku mambo yakirudi tena, usirekebishe chochote kwanza. Fungua dirisha la amri uandike:

powercfg /query > C:\Umeme\baada.txt
fc C:\Umeme\kabla.txt C:\Umeme\baada.txt

Amri ya fc inalinganisha mafaili mawili na kukuonyesha mistari iliyotofautiana pekee. Kama kilichobadilika ni thamani moja au mbili, kuna mtu anayechokonoa ndani ya mpango. Kama jina na namba ya mpango mzima vimebadilika, kuna anayebadilisha mpango wenyewe. Kama hakuna tofauti yoyote na bado skrini inazimika mapema, basi mhusika hayuko kwenye mpango wa umeme, na nitakuonyesha pa kumtafuta.

Soma daftari la matukio

Hatua hii ndiyo moyo wa kazi yote, na nasikitika kuona miongozo mingi ikiiruka.

Mpango wa umeme unapowekwa na programu yoyote, huduma ya Windows iitwayo UserModePowerService huandika tukio lenye namba 12. Ndani yake kuna njia kamili ya programu iliyofanya hivyo, namba ya mchakato wake, mpango uliokuwepo na mpango uliowekwa. Fungua PowerShell (dirisha jingine la amri; litafute kwa jina hilo baada ya kubonyeza kitufe cha Windows) na uandike yote haya kwenye mstari mmoja:

Get-WinEvent -FilterHashtable @{LogName='System'; ProviderName='Microsoft-Windows-UserModePowerService'; Id=12} | Select-Object TimeCreated, Message | Format-List

Usiyependa amri, fungua "Event Viewer", nenda "Windows Logs", kisha "System", bofya "Filter Current Log" na uandike 12 kwenye sehemu ya namba za matukio. Angalia jina la chanzo, kwa sababu Kernel-General naye hutumia namba 12 kila mfumo unapowaka. Matukio yake hayakuhusu.

Ujumbe unaoutafuta una umbo hili: Process, kisha njia ya faili la exe, kisha process ID, kisha maneno "reset policy scheme from" yakifuatwa na namba ya mpango wa zamani, halafu "to" na namba ya mpango mpya. Linganisha saa ya tukio na saa ulipoona mipangilio imerudi. Zikilingana, umempata. Namba za pande zote mbili zikiwa sawa, kilichotokea ni kuwekwa upya kwa mpango uleule, na hiyo ndiyo alama ya programu inayobadilisha thamani za ndani.

Faili likiwa kwenye Program Files, folda yake itakuambia ni programu ya nani. Likiwa svchost.exe, jina hilo pekee halitoshi kwa sababu huduma nyingi za Windows hukaa chini yake. Chukua process ID kabla hujazima kompyuta, maana namba hizo hubadilika kila ukiwasha, na uulize:

tasklist /svc /fi "PID eq 1234"

ukiweka namba yako badala ya 1234. Utapewa huduma zilizomo ndani ya mchakato huo. Na likiwa powercfg.exe, ujue kuna skripti au kazi ya ratiba inayoiita. Fungua "Task Scheduler" na upitie kazi zinazoanza saa ileile au wakati wa kuingia kwenye akaunti.

Wanaokutwa na hatia mara nyingi

Wa kwanza ni programu ya mtengenezaji. Lenovo wana Vantage, Dell wana Power Manager na Optimizer, ASUS wana MyASUS na Armoury Crate, HP na Acer nao wana za kwao. Zimeundwa zisimamie joto, feni na betri, kwa hiyo kugusa mipango ya umeme ni sehemu ya kazi yake halali. Tatizo ni kwamba baada ya upandishaji, toleo la zamani la programu hiyo linaweza kubaki likisukuma thamani za zamani kwenye Windows mpya. Fanya hivi: isasishe kwanza, ifungue, na uweke ndani yake hali unayoitaka. Usipigane nayo ukiwa Control Panel. Aliyeshika usukani ni yeye, basi mwambie yeye. Ikiendelea, iondoe kabisa kupitia "Settings", "Apps", "Installed apps", washa upya, na utazame siku moja au mbili. Kama huihitaji kwa ajili ya ukomo wa kuchaji betri, kompyuta itaishi vizuri bila yake. Angalia pia kitufe cha hali ya feni: kwenye Lenovo nyingi za Legion na IdeaPad ni Fn pamoja na Q, na ni rahisi mtoto au mwenzako kuigusa bila kujua.

Ukomo wa kuchaji, ule wa kusimamisha betri kwenye asilimia 80 au karibu na hapo, nao hupotea baada ya kupandisha toleo kwa sababu draiva inayozungumza na betri imebadilishwa. Dawa yake ni kuchukua draiva za usimamizi wa umeme na za chipset (vijenzi vikuu vya ubao mama) kutoka tovuti ya mtengenezaji kwa modeli yako halisi. Modeli utaiona kwa kuandika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia.

Wa pili ni sera zilizobaki, na hapa wanunuzi wa kompyuta za mtumba wasome kwa makini. Mashine nyingi zinazouzwa Kariakoo, Nairobi na Kampala zilitumika kwanza maofisini, nyingine Ulaya na Marekani. Kama ziliuzwa bila kusafishwa sawasawa, amri za ofisi ya zamani bado zimo. Dalili mojawapo ni maandishi ya "Some of these settings are managed by your organization", au sehemu za mipangilio zilizofifia zisizokubali kubofywa. Nenda "Settings", "Accounts", "Access work or school" uone kama kuna akaunti usiyoijua. Kisha kwenye dirisha la amri:

dsregcmd /status

Mistari ya AzureAdJoined na DomainJoined inapaswa kuwa NO kwenye kompyuta ya mtu binafsi. Halafu kagua rejista, yaani hazina ya ndani ya mipangilio ya Windows, kwa amri hii:

reg query HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Power\PowerSettings /s

Ikisema haikupata kitu, hakuna sera ya umeme. Ikileta orodha yenye ACSettingIndex au DCSettingIndex, hizo ndizo zinazokushinda, kwa kuwa sera huwa juu ya uchaguzi wa mtumiaji. Kama mashine ni yako na haijaunganishwa na ofisi yoyote, hifadhi nakala ya sehemu hiyo, kisha uifute:

reg export HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Power C:\Umeme\sera.reg
reg delete HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Power\PowerSettings /f

Kama ni ya mwajiri, usifute. Zungumza na kitengo cha TEHAMA, kwa sababu sera itashushwa tena, na kuna maofisi yanayochukulia jambo hilo kama uvunjaji wa kanuni. Na kama ukiiweka upya mashine ya mtumba inadai barua pepe ya kampuni usiyoijua, hiyo bado imesajiliwa kwa mwenye nayo wa kwanza. Mrudishie muuzaji. Hakuna fundi anayepaswa kukutoza kwa kuizunguka.

Wa tatu ni Windows mwenyewe kupitia "Energy saver", iliyokuwa ikiitwa "Battery saver" kabla ya toleo la 24H2 (toleo kubwa la Windows 11 la mwaka 2024). Inajiwasha betri ikishuka hadi asilimia iliyowekwa, inafifisha skrini na kubana shughuli za nyuma. Ikiwa tatizo lako ni mwanga wa skrini na hutokea betri ikipungua, ni huyu. Iko palepale kwenye "Power & battery". Tazama kama "Always use energy saver" imewashwa. Sehemu hiyo pia ina "Energy recommendations" yenye kitufe cha kutekeleza mapendekezo yote kwa mkupuo. Mtu akikibofya, muda wa skrini na wa kulala hupunguzwa bila kuulizwa mmojammoja.

Mpango wa "High performance" umetoweka

Andika powercfg /a. Ukiona "Standby (S0 Low Power Idle)" miongoni mwa zinazopatikana, kompyuta yako inatumia usingizi wa kisasa unaofanana na wa simu: skrini inazimika lakini mashine haizimiki kabisa. Kwenye mashine za aina hii Windows huonyesha mpango mmoja tu, "Balanced", na ndivyo ilivyokusudiwa. Usihangaike kuurudisha ule mwingine kwa hila. Hata ukifanikiwa kuuunda, huenda usidumu. Tumia "Power mode" na uchague "Best performance". Kwenye 24H2 na kuendelea, hakikisha umeichagua kwa chaja na kwa betri, kwa sababu sasa ziko mbili.

Utakutana na ushauri wa kuizima S0 kwa kuongeza PlatformAoAcOverride kwenye rejista. Inawezekana, lakini kama BIOS ya mashine haina usingizi wa zamani wa S3, utabaki na kompyuta isiyoweza kulala kabisa. Kwa mtu wa kawaida sioni sababu ya kuingia huko.

Skrini inazimika ilhali mpango hauna kosa

Sasa wale ambao fc haikuonyesha tofauti. Kuna muda uliofichwa unaohesabu pale kompyuta inapoamka yenyewe, bila mtu kugusa kibodi wala kipanya, kwa mfano kwa ajili ya sasisho. Kwa kawaida ni dakika mbili tu, kisha inalala tena, hata kama uliamuru isilale kamwe. Anayeacha faili kubwa likishuka usiku hulikuta limekatika. Ufichue hivi:

powercfg -attributes SUB_SLEEP 7bc4a2f9-d8fc-4469-b07b-33eb785aaca0 -ATTRIB_HIDE

Baada ya hapo utaonekana kwenye mipangilio ya kina ya mpango, chini ya "Sleep", kwa jina la "System unattended sleep timeout". Uongeze ukiwa hapo.

Kama ni mwanga unaopanda na kushuka kufuatana na kilichomo kwenye skrini, nenda "System", "Display", fungua "Brightness" na uzime ule urekebishaji wa mwanga kulingana na maudhui. Kompyuta mpya zenye kihisi cha uwepo wa mtu huzima skrini ukiondoka. Tafuta "Presence sensing".

Kipanya au intaneti vikikatika baada ya muda, fungua "Device Manager", ingia kwenye kifaa husika, kichupo cha "Power Management", na uondoe tiki ya kuruhusu kompyuta kukizima. Draiva mpya huirudisha tiki hiyo, kwa hiyo kagua tena baada ya kila sasisho la draiva.

Andika mipangilio kwa amri

Ukishamwondoa anayebadilisha, panga kwa mara ya mwisho. Napendelea amri kuliko kubofya, kwa sababu zinagusa pande zote mbili waziwazi na unaweza kuzihifadhi. Fungua Notepad, andika haya kwa thamani zako, na uhifadhi kama C:\Umeme\panga.bat:

powercfg /change monitor-timeout-ac 30
powercfg /change monitor-timeout-dc 10
powercfg /change standby-timeout-ac 0
powercfg /change standby-timeout-dc 30
powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_buttons lidaction 0
powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_buttons lidaction 1
powercfg /setactive scheme_current

Kwenye /change namba ni dakika, na 0 ni kamwe. Kwenye kifuniko, 0 ni usifanye kitu, 1 ni lala, 2 ni usingizi mzito wa kuhifadhi kazi kwenye diski, 3 ni zima. Nimeacha kifuniko kilale ukiwa kwenye betri kwa makusudi: kompyuta inayoendelea kufanya kazi ndani ya mkoba hupata joto kali, na joto ni adui mkubwa wa betri. Bofya kulia faili hilo na uliendeshe kama msimamizi. Mstari wowote ukijibu kwamba kuna sera inayozuia, rudi kwenye sehemu ya sera.

Kisha jaribu ipasavyo. "Shut down" ya kawaida, kama "fast startup" imewashwa, haizimi kila kitu. Kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kilivyokuwa. Kwa hiyo fanya "Restart", kagua thamani. Halafu zima kabisa kwa amri hii, washa, na ukague tena:

shutdown /s /t 0

Chomoa chaja, kagua. Ilaze, iamshe, kagua.

Mipango yenyewe ikiwa imeharibika

Ikiwa daftari halimtaji mtu, sera hazipo, na amri zenyewe zinaleta makosa, huenda mafaili ya mfumo yaliumia wakati wa kupanda, hasa kama umeme ulikatika katikati. Tengeneza mafaili kwanza, ukiwa na intaneti:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Washa upya. Kama bado, rudisha mipango ya asili:

powercfg -restoredefaultschemes

Amri hii inafuta kila mpango uliotengenezwa na wewe au na mtengenezaji, ndiyo maana tulihifadhi nakala mapema. Endesha panga.bat baada yake.

Ukikosa njia nyingine

Kuna programu za mtengenezaji zisizoondoleka bila kupoteza kitu unachokihitaji. Hapo tu ndipo naona haki ya kuweka kazi ya ratiba itakayopanga upya kila unapoingia:

schtasks /create /tn "PangaUmeme" /tr "C:\Umeme\panga.bat" /sc onlogon /rl highest

Usiishie hapo. Kazi zinazoundwa hivi kwa kawaida hukataa kuanza kompyuta ikiwa kwenye betri. Fungua "Task Scheduler", ipate PangaUmeme, ingia "Properties", kichupo cha "Conditions", na uondoe tiki kwenye "Start the task only if the computer is on AC power". Bila hilo, asubuhi utakayowasha mashine umeme ukiwa umekatika ndiyo utakayokuta mipangilio imerudi.

Kabla ya toleo kubwa lijalo

Windows 11 hupata toleo kubwa mara moja kwa mwaka, katika nusu ya pili, na haya yote yanaweza kuanza tena. Siku mbili kabla, nakili folda ya C:\Umeme kwenye flashi, kwa sababu ukilazimika kufomati diski itaondoka nayo. Baada ya kupanda una siku 10 za kurudi toleo la nyuma kupitia "Settings", "System", "Recovery", "Go back", zikipita, Windows.old hufutwa. Tumia siku hizo kuendesha panga.bat na kusoma tukio namba 12 upya.

Ukitaka kurudisha mpango uliouhifadhi, andika powercfg /import C:\Umeme\mpango.pow. Windows itaupa namba mpya ya utambulisho na kukuonyesha, kwa hiyo uwashe kwa powercfg /setactive ikifuatwa na namba hiyo mpya, siyo ile ya zamani uliyoiandika.